Meseji, chatiboti, ukurasa wa uamuzi au simu ya mhudumu: ipi imfae mzazi anayesitasita kuhusu chanjo ya HPV?

Halmashauri, mashirika ya kijamii na hata kamati za wazazi za shule hufika mahali pamoja. Zipo fedha kidogo za kuongeza uchanjaji, lipo kundi la wazazi ambao hawajakataa wala hawajakubali, na mezani kuna zana nne za kidijitali. Kila anayeleta yake anasema ndiyo itakayomaliza tatizo. Kuna meseji za kawaida, kuna chatiboti ya WhatsApp, kuna ukurasa wa mtandaoni unaomsaidia mzazi kupima uamuzi wake, na kuna programu inayokaa kwenye simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya aliyekwama hapo.

Nimechagua chanjo moja, ya HPV, yaani ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu kusitasita kwake kuna mambo ambayo chanjo za watoto wachanga hazina. Kwetu inatolewa kwa wasichana peke yao, mara nyingi shuleni, mzazi akiwa hayupo, na inahusu sehemu za uzazi. Tena ratiba yake imebadilika mbele ya macho ya wazazi. Tanzania ilianza na majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenda nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na dozi mbili. Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kenya ilijaribu Kitui mwaka 2013, kisha ikazindua rasmi Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Rwanda ilishaanza tangu 2011.

Jiweke kwenye nafasi ya mama mwenye mabinti wawili. Wa kwanza aliambiwa dozi mbili, tena akifika miaka 14. Wa pili anaambiwa moja inatosha, na ana miaka 9. Sababu ya mabadiliko hayo ni nzuri, na sehemu kubwa ya ushahidi ilipatikana hapahapa kwetu: utafiti wa Mwanza na ule wa Kenya ulionyesha kuwa dozi moja inatoa kinga ya kutosha, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaikubali ratiba ya dozi moja. Lakini mama huyu hakuna aliyekaa naye kumweleza. Amebaki na swali la haki kabisa: je, walikuwa wanajaribu kwa watoto wetu?

Zana yoyote utakayonunua, ipime kwa swali la mama huyo.

Vigezo kwanza

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni *aina ya kusita*. Mwaka 2019 WHO iliweka kusitasita kuhusu chanjo kwenye orodha ya matishio kumi ya afya duniani, na tangu hapo neno hilo limebebeshwa kila kitu. Ukiingia mtaani unakuta angalau watu wanne tofauti. Yupo mzazi aliyekubali lakini binti hakuchanjwa: siku ya chanjo alikuwa kwa bibi yake, au hasomi, au taarifa ilipita kwenye mkutano ambao mzazi hakuhudhuria. Yupo mwenye swali moja tu, akilijibiwa ataenda. Yupo mwenye hofu nzito au asiyewaamini wanaoleta chanjo. Hofu ya namna hii ina historia: mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda wakidai ina kitu cha kuzuia uzazi, na ingawa WHO na UNICEF walisimama na kusema chanjo ni salama, maneno yale hayakufutika. HPV ilipozinduliwa mwaka 2019, chama cha madaktari Wakatoliki nchini humo kiliipinga hadharani. Wa nne ni mzazi ambaye hana kauli ya mwisho nyumbani. Yeye ameelewa na ameridhika, ila baba, au mama mkwe, hajasema ndiyo.

Watu hawa wanne hawatibiwi kwa dawa moja. Kabla ya kusaini mkataba wowote, kaa na wazazi ishirini au thelathini ambao mabinti zao hawakuchanjwa, uwaulize kwa utulivu kilichotokea. Ni kazi ya wiki moja, na itakuokolea mamilioni.

Vigezo vingine vinne ni vifupi. Ufikiaji: mzazi ana simu gani, inakaa mkononi mwa nani, anasoma? Ushahidi: imejaribiwa wapi, na kwa watu wanaofanana na wako? Gharama: usihesabu ya kujenga tu, hesabu na ya kuiendesha mwaka wa pili mfadhili akishaondoka. Usiri: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya simu ya mzazi ikikaa kwenye kompyuta yako pamoja na swali lake kuhusu uzazi wa binti yake, hiyo ni taarifa nyeti na unawajibika nayo.

1. Meseji za simu

*Inamgusa nani.* Zaidi ya wote, yule wa kwanza: aliyekubali lakini hakufika. Ikiwa meseji inaweza kujibiwa na kuna mtu wa kuijibu, inamgusa na mwenye swali. Mwenye hofu nzito haimgusi. Kumtumia meseji kumi za "chanjo ni salama" mtu asiyekuamini kunaweza kumthibitishia kwamba kuna jambo linalazimishwa.

*Ufikiaji.* Hapa meseji haina mpinzani. Kitochi kinatosha, bando halihitajiki, na ujumbe unasubiri hadi simu iwashwe. Kasoro zake zinajulikana: laini hubadilishwa, simu ya familia hukaa na baba, na asiyesoma humpa mtoto amsomee. Hilo la mwisho lifikirie vizuri, maana mara nyingi atakayeisoma ni yule binti mwenyewe. Iandike ukijua hivyo.

*Ushahidi.* Huu upo, na ni wa kwetu. Utafiti wa M-SIMU uliofanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, uligawa vijiji 152 katika makundi. Watoto wachanga waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 82 pale ambapo hakukuwa na meseji, 86 penye meseji peke yake, 86 penye meseji na shilingi 75 za Kenya, na 90 penye meseji na shilingi 200. Tofauti iliyo wazi kitakwimu ilikuwa hiyo ya mwisho tu. Ninavyoyasoma matokeo hayo, ukumbusho unasukuma kidogo, na nauli inasukuma zaidi. Kwa chanjo ya HPV inayotolewa shuleni nauli haina uzito huo, lakini kwa msichana asiyesoma, ambaye lazima apelekwe zahanati, ina uzito mkubwa.

*Gharama.* Unalipia kila meseji, pamoja na namba fupi unayokubaliana na kampuni za simu. Usianzishe mpya ikiwa ipo ya kupanda. Tanzania ilikuwa na huduma ya meseji za bure kwa wajawazito na wazazi kupitia 15001 tangu mwaka 2012, na Kenya kuna PROMPTS ya Jacaranda Health, ambapo mama anatuma swali kwa Kiswahili au Kiingereza na kujibiwa. Somo kubwa la PROMPTS ni kwamba wahudumu halisi wapo nyuma ya mfumo, na swali la hatari linawafikia.

*Usiri.* Ujumbe unaonekana kwenye kioo cha simu hata kabla ya kufunguliwa. Usiandike jina la binti.

Tofauti ya meseji nzuri na mbaya iko kwenye maneno. Hii ndiyo inayotumwa mara nyingi: "Mpeleke binti yako akapate chanjo ya HPV. Chanjo ni salama na imethibitishwa." Haisemi lini, wapi, wala bei, na inajibu shaka ambayo pengine mzazi hakuwa nayo. Linganisha na hii: "Mzazi, Jumatano saa 3 wauguzi watakuwa shuleni kuchanja HPV wasichana wa miaka 9-14. Bure. Binti ale kabla ya kuja. Una swali? Jibu meseji hii bila malipo." Inaingia ndani ya herufi 160, kwa hiyo unalipia meseji moja. Kile kipande cha chakula nimekiweka makusudi. Vijana wa rika hilo huzirai baada ya sindano, ya chanjo yoyote ile, na ndiyo maana hukalishwa dakika 15 kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Msichana mmoja akianguka mbele ya darasa, uvumi utafika nyumbani kabla yake.

2. Chatiboti ya WhatsApp

*Inamgusa nani.* Mwenye swali, hasa swali analoona haya kumuuliza nesi. Usiku saa tano, watoto wamelala, anauliza bila kuangaliwa usoni. Kwa swali la uzazi na ngono faida hiyo ni kubwa. Inawagusa pia baba vijana, ambao kliniki hawaendi lakini WhatsApp wanashinda humo.

*Ufikiaji.* Simu janja, bando, na mazoea ya kuandika. Mijini inakubalika, na kwa Waswahili walioko Ghuba au Ulaya, wanaoamua mambo ya binti aliyeachwa nyumbani, ni njia rahisi kuliko zote. Vijijini utawapata wachache, na mara nyingi wale ambao tayari wana taarifa.

*Ushahidi.* Unatia moyo, ila usiupakie mzigo usioubeba. Nchini Ufaransa, wakati wa UVIKO-19, watu waliozungumza na chatiboti kwa dakika chache walilegeza msimamo wao dhidi ya chanjo kuliko waliosoma maelezo mafupi. Majaribio ya Kenya na Nigeria kupitia Messenger yalionyesha pia kuwa chatiboti inayojibu wasiwasi wa mtu mwenyewe inasogeza nia yake. Majaribio ya Asia yametoa majibu mchanganyiko. Zaidi ya hapo, mengi ya majaribio haya yanapima *nia*. Mzazi aliyesema "sasa nitampeleka" bado hajampeleka.

*Gharama.* Kuijenga kumekuwa rahisi, kuitunza ndiko kunakomaliza fedha. WhatsApp hutoza ujumbe unaoanzishwa na taasisi. Kisha lazima awepo mtu wa kusoma, kila wiki, maswali ambayo chatiboti haikuyaelewa. Ukiiacha miezi sita bila mlezi itaendelea kuwaambia wazazi dozi mbili wakati zahanati inasema moja, na hapo utakuwa umelisha uvumi kwa mkono wako.

Kuna namna mbili za chatiboti, na hapa uamuzi ni mzito. Ya menyu inajibu yale tu yaliyoandikwa na kuhakikiwa: bonyeza 1, bonyeza 2. Haiwezi kubuni uongo, ila inachosha, na swali lisilokuwemo linabaki hewani. Ya akili mnemba inaelewa lugha huria. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu wazazi hawaandiki Kiswahili cha kitabuni. Wanaandika "ivi iyo sindano aizuii kuzaa?" au "mtoi wangu ana 9yrs si ni mdogo sana". Mwaka 2023 Jacaranda Health ilitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyo huru kutumiwa, kwa hiyo kisingizio cha "hakuna ya Kiswahili" kimepungua nguvu. Tatizo la akili mnemba ni kwamba ikikosea inakosea kwa kujiamini. Kabla ya kuifungulia umma, ijaribu kwa maswali magumu na majibu yasomwe na mratibu wa chanjo: dozi ngapi hapa nchini leo? Na msichana anayeishi na VVU je? (Kwake WHO inapendekeza zaidi ya dozi moja, chatiboti ikimpa jibu la wote imemkosesha kinga.) Binti ameshaanza mahusiano, achanjwe? Dini yetu inaruhusu? Kwa swali hilo la mwisho, jibu jema la mashine ni kumwelekeza kwa mtu.

*Usiri.* Ni mgumu zaidi ya zote nne, kwa sababu mazungumzo yote yanahifadhiwa mahali. Jua ni wapi, kwa muda gani, na nani anayaona. Usimwulize mzazi jina la shule ikiwa hulihitaji.

3. Ukurasa wa kusaidia uamuzi

Zana hii haijulikani sana kwetu, kwa hiyo nitaieleza. Inamwekea mzazi njia zilizopo, yaani kuchanja sasa, kusubiri, kutochanja, na kila njia inaonyeshwa faida zake, madhara yake na ukubwa wake kwa namba. Kisha inamwuliza ni nini kinachompa uzito zaidi: kumkinga binti na saratani baadaye? Hofu ya madhara ya sindano? Kauli ya dini? Mwisho inamtolea karatasi yenye maswali yake mwenyewe ya kumpelekea mhudumu. Watafiti wa Ottawa, Kanada, wameendeleza zana za namna hii kwa miaka mingi, na Australia na Uingereza zilizitumia kwa wazazi waliokwama kwenye chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela.

*Inamgusa nani.* Mwenye swali, na nusu ya wenye hofu: wale ambao wamechoka kuambiwa na wanataka kuonyeshwa. Mwalimu, muuguzi, karani, mzazi anayesoma na kubishana kwa hoja.

*Ufikiaji.* Kama ukurasa wa mtandao ndiyo dhaifu kuliko zote nne, kwani inataka simu janja, bando, kusoma na subira ya dakika kumi. Lakini ina siri moja nzuri: ikishaandikwa vizuri inachapika kwenye karatasi ya A4, pande mbili, na kusomwa kwa sauti kwenye kikao cha wazazi.

*Ushahidi.* Uingereza, wazazi wa mtoto wa kwanza waliopewa ukurasa wa aina hii walipungukiwa na ule mkanganyiko wa moyoni wa "sijui nifanye nini". Huo ndio ushindi wake halisi. Usimwahidi mfadhili kwamba idadi ya waliochanjwa itapanda kwa sababu yake peke yake. Na uwe mwangalifu na namna unavyosahihisha uvumi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusisha wazazi 1,759, ulionyesha kuwa kukanusha uvumi wa chanjo na usonji kulipunguza kuuamini uvumi huo, lakini kwa wazazi waliokuwa na mashaka makubwa tangu mwanzo nia ya kuchanja ilishuka zaidi. Kumshinda mtu kwa hoja na kumpata ni mambo mawili.

*Gharama.* Fedha si nyingi. Muda na uaminifu ndivyo vinavyohitajika. Tegemea kuiandika mwenyewe kwa Kiswahili, ukiijaribu kwa wazazi hadi waielewe. Yaliyomo yapo ya kutosha: aina mbili za virusi hivi, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo inazikinga. Nchini Uswidi, matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa wasichana waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 88 ya kupata saratani hiyo kuliko wasiochanjwa. Madhara ya kawaida ni maumivu ya mkono, homa ndogo, kichwa kuuma. Kusubiri kuna gharama yake, kwani chanjo hufanya kazi vizuri kabla binti hajakutana na virusi, na ndiyo sababu ya umri wa miaka 9 ambao wazazi wengi wanauona wa ajabu.

*Usiri.* Mwepesi kuliko zote. Ukurasa hauhitaji jina wala namba ya mtu.

Baadhi ya maofisa wa afya huiogopa zana hii kwa sababu inaandika "kutochanja" kama njia mojawapo. Mimi naiona hiyo ndiyo nguvu yake. Mzazi anajua fika kwamba njia hiyo ipo. Ukijifanya haipo, amekuhesabu kuwa mwuzaji.

4. Programu kwenye simu ya mhudumu wa jamii

*Inamgusa nani.* Hapa ndipo wanapofikiwa mwenye hofu na yule asiye na kauli nyumbani, kwa sababu mhudumu anaingia sebuleni na kumkuta baba. Hakuna meseji inayoweza kumsubiri mama mkwe amalize kuswali ili nayo izungumze naye.

*Inavyofanya kazi.* Zanzibar wana Jamii ni Afya, mpango wa serikali na shirika la D-tree uliofika wilaya zote 11 mwaka 2021, ambapo wahudumu wa kujitolea wanatumia simu inayowaongoza hatua kwa hatua nyumbani kwa familia. Kenya ina eCHIS, mfumo wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii, na mwaka 2023 wahudumu wake wa jamii zaidi ya laki moja walikabidhiwa vifaa vya kazi. Kwa HPV, programu kama hizi zinaweza kumpa mhudumu orodha ya kaya zenye msichana wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajachanjwa, kumkumbusha aulize wasiwasi ni upi, na kumfungulia maelezo ya wasiwasi huo tu, kwa maneno au kwa sauti iliyorekodiwa.

*Ufikiaji.* Kila anayefikika kwa miguu, awe na simu au asiwe nayo, awe anasoma au la. Kwa wasichana walio nje ya shule, katika zana hizi nne, hii ndiyo inayowatafuta walipo.

*Ushahidi.* Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 lilifundisha madaktari mitindo miwili. Kundi moja lilifundishwa kutangaza kwa utulivu kwamba leo ni siku ya chanjo, na jingine kuanza na mazungumzo marefu ya wazi. Wale wa kutangaza waliongeza waliochanjwa kwa alama 5.4 za asilimia. Wale wa mazungumzo hawakuongeza kwa namna ya wazi. Kliniki za Marekani si barabara ya Micheweni kule Pemba, lakini funzo linafaa: programu isimlazimishe mhudumu kuanza na orodha ya uvumi. Aseme jambo lake kwa kujiamini, kisha akiona uso umebadilika, asimame na kusikiliza.

*Gharama.* Hii ndiyo ghali. Simu, chaja, bando, mafunzo, msimamizi, na posho inayofika kwa wakati. Posho ikichelewa miezi, hata programu bora duniani inabaki mfukoni. Tena mhudumu mwenyewe anaweza kuwa na mashaka. Kabla ya kumpa simu, mpe nafasi ya kuuliza maswali yake bila kuaibishwa, maana binti yake pia yumo kwenye orodha ile.

*Usiri.* Mhudumu ni jirani, na ujirani unafungua milango na kuifunga vilevile. Simu iwe na namba ya siri, na kinachoulizwa nyumba hii kisitajwe nyumba ya pili.

Jambo ambalo zana zote nne zinalitegemea

Chanjo iwepo, na jibu liwe moja. Ukituma meseji elfu tano na siku hiyo boksi la baridi likaja na dozi chache, umepoteza wazazi kuliko ungekaa kimya. Vilevile, meseji, chatiboti, karatasi na mhudumu wakitoa majibu manne tofauti kuhusu idadi ya dozi, kusitasita kutaongezeka kwa fedha zako. Andika majibu ya maswali kumi na tano ya kwanza, yahakikiwe na mratibu wa chanjo wa wilaya, kisha yatumike kote. Kwa anayetaka kuzungumza na mtu, Tanzania kuna namba ya bure ya 199 ya Wizara ya Afya. Iandike kwenye kila kitu kabla hujafikiria kufungua kituo chako cha simu.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Wazazi wamekubali, tatizo ni siku na mahali: chukua meseji, na utume mara mbili, wiki moja kabla na jioni ya kuamkia. Tenga nauli kwa wale wanaokwenda zahanati.

Mjini, wazazi vijana, magrupu ya WhatsApp yamejaa video za kutisha: chatiboti inastahili, anza na ya menyu. Ongeza akili mnemba pale tu utakapokuwa na mtu wa kuisimamia kila wiki. Usipokuwa naye, weka namba moja ya WhatsApp inayojibiwa na muuguzi kwa saa zinazojulikana. Itahudumia wachache, lakini kwa ukweli.

Shule ya binafsi, kanisa au msikiti wenye waumini wasomi wanaouliza takwimu: andika ukurasa wa uamuzi, uchapishe, na umwalike daktari ajibu ana kwa ana. Sheikh au mchungaji aupitie kabla haujatoka, na maoni yake yafanyiwe kazi.

Eneo ambalo uvumi wa ugumba umekita mizizi, au ambako chanjo iliwahi kuleta mgogoro na viongozi wa dini: weka fedha zako kwa wahudumu wa jamii, na usianze na meseji. Meseji zije baadaye, kwa waliokwisha kukubali.

Wasichana wengi wako nje ya shule, majumbani au mashambani: mhudumu tena, hata kama ni daftari na simu ya kawaida badala ya programu.

Bajeti inatosha jambo moja dogo tu: mlipe mtu mmoja anayejua chanjo na anayejua kusikiliza, mpe simu na namba ambayo wazazi wataitumia bure, na aandike kila swali kwenye kaunta buku kwa miezi mitatu. Maswali yakijirudia kuhusu tarehe na mahali, mwaka ujao nunua meseji. Yakiwa ya kiafya na ya faragha, jenga chatiboti kwa maneno yaleyale ya wazazi. Na yakianza na "baba yake amekataa", fedha zote za mwaka ujao ziende kwa wanaoweza kubisha hodi.